Nani Kamwambia Nani

Benchi lililo pembeni ya duka la viatu lina miguu mitatu na tofali, na asubuhi ile upande wa tofali alikaa Transista, fundi redio na mtunzi wa riwaya. Riwaya yenyewe ilianza kama hadithi ya mapenzi yenye vitisho kidogo vya kunogesha. Kisha kila mtu wa kijiweni akaomba chake, naye hakumnyima mtu. Spana, fundi magari, aliomba magari yafukuzane. Lindo, mlinzi wa benki, aliomba mzuka. Mzee Rufaa, karani mstaafu wa mahakama, aliomba kesi, akapewa kesi mbili. Walidhani Transista ni msikivu. Ukweli ni kwamba alimpenda mchapaji wa ng'ambo ya barabara, alimpenda bila kuthubutu kumwambia, na kila maiti mpya ilimpa karatasi mpya za kumpelekea achape. Sasa mchapaji alikuwa anahamia mji mwingine kwa dada yake, na sura ya mwisho ilikuwa mezani kwake tangu jana. Nakala ya pili ilikuwa mikononi mwa Spana, anaisoma kwa sauti.

— "Taa ikazimika. Akamshika mkono, akamwambia anampenda. Mwisho." Haya, Transista, hapo nani kamwambia nani?

— Msomaji atajua, alisema Transista.

— Mimi najua, alisema Spana. Inspekta kamwambia daktari.

— Inspekta si alikufa kwenye ajali uliyoiomba wewe mwenyewe? aliuliza Lindo.

— Alikufa, ndiyo. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

— Yanahusiana nini na mfu?

— Mfu haoshwi?

Bi Birika, muuza kahawa, akawaongezea vikombe bila kuulizwa. Alishazoea.

— Huyo ni mzuka, alisema Lindo. Taa zimezimika zenyewe, mkono umeshikwa gizani, unataka ushahidi gani tena? Mzuka kamwambia pacha wa daktari. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Pingamizi, alisema Mzee Rufaa. Pacha yuko rumande tangu kesi ya kwanza. Chumbani mlikuwa na daktari, mzuka, jasusi, hakimu na yule roboti wa kupika. Hakimu haruhusiwi kumpenda mtu kesi ikiendelea. Anayebaki ni roboti.

— Roboti anampenda nani?

— Jasusi. Haba na haba hujaza kibaba. Miezi yote ile anampikia, unadhani bure?

Transista alikizungusha kikombe chake bila kukinywea. Sentensi ile aliiandika juzi usiku kucha, na aliiandika hivyo kwa makusudi. Lugha yetu ina pazia lake: ukisema "akamwambia anampenda", hujasema mwanamume wala mwanamke, wala nani kaanza. Akijificha humo, alijiambia, mchapaji akielewa ameelewa, na asipoelewa hakuna aliyeaibika.

Ndipo mchapaji mwenyewe akavuka barabara, karatasi mkononi. Hakuwahi kufika kijiweni hata siku moja.

— Shikamoo, mzee. Hamjambo, kaka zangu? Dada, za kazi?

— Marahaba, binti, alisema Mzee Rufaa, akajisogeza kumpisha.

— Sikai, mzee, nina mizigo ya kufunga. Nina swali moja tu kwa kaka fundi redio. Hapa mwisho, nani kamwambia nani?

Mbele ya mtu aliyechapa kitabu kizima, inspekta wa Spana hakusimama. Lindo alitazama ndani ya kikombe. Mzee Rufaa alisema suala hilo lingali linasikilizwa.

— Nauliza kwa sababu nimechapa kila kitu humu, alisema mchapaji. Mizuka, mabomu, hata roboti. Nilikuwa nasubiri hili moja, nalo limekuja gizani. Kaka fundi?

Transista aliona haya, kisha haya zikamchosha.

— Bado, alisema.

— Bado nini?

— Bado hajamwambia. Nimekosea kuandika.

— Kwa nini hajamwambia?

— Anaogopa.

Mchapaji aliikunja karatasi mara mbili, taratibu.

— Basi amwambie kabla sijamaliza kufunga mizigo, alisema, akavuka kurudi dukani kwake.

Bi Birika alikitazama kikombe cha Transista kilichojaa, akakiondoa.

— Sasa huyo anayeogopa, aliuliza Spana, ni roboti au ni nani?

Transista alikuwa katikati ya barabara, safari hii bila karatasi yoyote mkononi.