Mwalimu Reuben Erupe Lomenen, Aliyekataa Kujaza Asichokijua

Mwalimu Reuben alizaliwa Nakalale mwaka 1971, wakati wa kiangazi. Siku yenyewe hakuna anayeijua. Kitambulisho kinasema Januari mosi, jambo lililomkera maisha yake yote, basi hapa tumeiacha wazi kama alivyoagiza.

Alisoma shule ya msingi Nakalale na sekondari Lodwar, akapata shahada ya saikolojia Nairobi mwaka 1997. Mwaka 1999 alimwoa Nawoi. Nawoi husema alikuja kuposa na maswali kumi na mawili kwenye karatasi, naye akajibu moja tu.

Tangu 2014 alifundisha mbinu za utafiti chuoni Lodwar, na kila Alhamisi darasa la Kakuma, kwa programu ya kompyuta ya kuchambua data. Mwanafunzi wake Bol aliwahi kwenda kuuliza wafugaji wana mbuzi wangapi. Nani atamhesabia mgeni mbuzi wake? Bol akaandika 999, alama ya asiyejibu, lakini akasahau kuiambia kompyuta maana yake. Ikatoa wastani wa mbuzi mia nane kila boma.

"Hao matajiri wako, Bol, waambie watununulie jenereta," Mwalimu alisema. Darasa lilipomaliza kucheka, akaongeza kwa upole: "Kompyuta haina aibu, itakubali chochote. Wewe usipojua, usijaze."

Januari 2023 leseni ya programu iliisha. Ofisi ikasema subiri. Akaomba ruhusa ya kutumia programu ya bure, akaambiwa kamati itakaa. Aliandika barua nne. Wanafunzi kumi na mmoja wakabaki na data isiyofunguka, na mahafali mawili yakapita bila wao. Yeye akawa anachora skrini ubaoni kwa chaki, wanafunzi wanapanga foleni kubonyeza ubao.

Agosti 2024 figo zilianza kumsumbua. Kitandani alikuwa akiuliza jambo moja: kamati imekaa? Siku moja binti yake Akai, akitaka kumtuliza, akasema imekaa na imekubali.

Alimtazama sana. "Akai, umejaza."

"Haijakaa, baba."

"Haya. Hapo sasa umenijibu."

Alifariki Lodwar, Ijumaa tarehe 14 Machi 2025.

Ameacha mama yake, Akoru. Mjane wake, Nawoi. Watoto wake, Akai na Lomunokol. Na wanafunzi kumi na mmoja. Tarehe yao ya kuhitimu nayo tumeiacha wazi. Hiyo inajulikana ni nani wa kuijaza.

Pumzika kwa amani, Mwalimu. Barua ya tano tumeiandika sisi.