Kabati Lililopungua Vidole Vinne

Kazi yangu ni kumimina kahawa, lakini wiki ya tatu hii naimimina huku masikio yamejaa kabati. Benchi liko nje ya karakana ya seremala, na wanaolikalia ni walewale: seremala mwenyewe, tunamwita Kipimo, Wakili, ambaye mahakama anaijua kwa nje tu, na Mzee Doria, askari wa wanyamapori aliyestaafu akabaki na bunduki yake ya kibali. Binti yake anataka kumwachia wajukuu likizo nzima, ila kasema bunduki isipofungiwa, hawaachi. Anafika leo. Kabati limekamilika tangu jana, la mbao na bati la chuma ndani, limekazwa kwa nati ukutani chumbani kwa mzee. Asubuhi akajaribu kuingiza bunduki, ikagoma.

— Mtutu umebaki nje, mlango haufungi, alisema Mzee Doria. Vidole vinne vizima, Kipimo.

— Nilipima.

— Ulipima nini?

— Mkongojo wako. Si ulikataa bunduki isitolewe nje, watu wasione? Ukasema urefu ni uleule.

— Nilisema inakaribiana.

— Mimi napima ninachopewa, mzee.

Nikamuuliza kwa nini hakwenda na futi kamba chumbani akapima bunduki yenyewe. Akaniambia nimimine kahawa.

— Ilaze mshazari, alisema Wakili.

— Kabati lina upana wa shibiri moja na nusu. Italala mshazari wapi? aliuliza Mzee Doria.

— Basi toboa juu, mtutu utokeze.

— Utokeze ukimwelekea nani?

— Dari. Dari haliwezi kushtaki.

— Tuchimbe sakafu, alisema Kipimo. Kitako kizame chini.

— Chumba changu unataka kukifanya kaburi?

— Basi kufuli tatu. Ufunguo mmoja kwako, mmoja kwangu, mmoja kwa Wakili.

— Zinasaidia nini na mlango haufungi?

Wakili akaweka kikombe chini, nikajua tumekwisha.

— Sikilizeni. Kabati libaki tupu, tulipige kufuli saba. Mwizi ahangaike nalo mpaka achoke.

— Na bunduki?

— Hiyo sasa ndiyo siri.

Wamenichosha, nasema kweli. Watu wazima watatu, na wageni wako njiani.

Binti akatokea, begi begani, watoto wawili mkononi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, alisema Mzee Doria.

— Baba, kabati tayari?

— Tayari. Limebaki jambo dogo tu.

— Na bunduki iko wapi sasa hivi?

Wakili akatazama viatu vyake. Kipimo akatafuta penseli iliyokuwa sikioni kwake. Asubuhi Mzee Doria alitoka kwake amefura, akaja moja kwa moja kugombana na fundi, na sasa nilimwona usoni akijirudia hatua kwa hatua: kabatini, kitandani, mlangoni. Bunduki aliiacha kitandani, na mlango wa nyumba hakuufunga.

Binti akaweka begi sawa begani.

— Twendeni, wanangu. Babu tutampigia simu.

— Mbona hata hatujamsalimia? aliuliza mdogo.

Mzee aliinuka awafuate, akasita, akageuka akakimbilia nyumbani. Sikuwahi kumwona akikimbia, na roho iliniuma.

Nikaanza kukusanya vikombe.

— Unakwenda wapi? aliuliza Kipimo. Hatujaafikiana bado.