Mwalimu Modester, Safari Hii ni Kweli

Mchungaji, wazee wetu, majirani na wanafunzi wa marehemu, mimi ni Fausta, mdogo wake, familia imenipa kazi ambayo sikuitaka.

Dada yetu Modester Nehemia alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 huko Kasulu, Kigoma, mtoto wa kwanza wa Mzee Nehemia na Mama Adela, akasoma msingi na sekondari hukohuko, kisha akasomea ukutubi, yaani kazi ya maktaba, huko Bagamoyo, akahitimu mwaka 2003.

Tarehe 8 Julai 2006 alifunga ndoa na shemeji yetu Cleopa, mwalimu, wakahamia hapa Ole, Pemba, mwaka 2008, na Mungu akawajalia watoto wawili, Elikana na Tuzo, ambaye ana miaka tisa tu.

Mwaka 2010 aliajiriwa maktaba ya chuo cha uuguzi, akawafundisha wanafunzi kutafuta habari za tiba na kuzihakiki kabla ya kumgusa mgonjwa, maana aliwakuta wanarithishana madesa, yale maandishi ya masomo ya fotokopi, mwaka hadi mwaka, na katika dozi moja ya watoto nukta ilikuwa imefutika, moja na nusu imekuwa kumi na tano, wala hakuna aliyeuliza. Tangu hapo akawa mkali, ukimwambia umesoma mahali bila kusema ni wapi hupati maksi, hata sisi nyumbani alituchosha.

Figo zilianza kumsumbua Novemba 2024, akalazwa tarehe 2 Juni 2025, na baada ya siku chache mtu tusiyemjua hadi leo akasambaza kwenye makundi ya WhatsApp picha yake na maneno ya tanzia, watu wakaja na mikeka, Tuzo akaanguka darasani, na jirani yetu Bi Mwanapili alipofika wodini kumlilia akamkuta anakunywa uji, akapiga kelele, "Yu hai! Mwalimu yu hai!" Tulicheka siku ile, Mungu atusamehe, tukadhani tumepona.

Alifariki tarehe 19 Juni, saa tano asubuhi. Nilipotuma taarifa wanafunzi wake walikataa kuamini, mmoja wao, Ridha, sasa muuguzi wa Micheweni, akampigia Cleopa, akanipigia mimi, akapiga na wodini, nikamjibu vibaya, kumbe alikuwa anatafuta mahali popote ambapo habari ile ingekuwa uongo, nami nilikuwa natafuta hapohapo. Tuzo anasema hata ile ya kwanza tulilia, kumbe mama yuko hai.

Tunawashukuru majirani, Waislamu kwa Wakristo, walimu wenzake chuoni, wauguzi wote, na hasa Daktari Masoud, ambaye nilipomwomba ampime dada tena alimpima tena, na Cleopa alipomwomba akampima mara ya tatu, hakutukaripia, akavua kipimo masikioni akakaa nasi.

Nanyi mlio mbali mnaoendelea kupiga simu, nimemshika mkono mwenyewe, ni kweli. Pumzika kwa amani, dada yangu.