Beki wa Timu Tisa

Ndani ya basi, kwenye kiti cha mbele yangu, kijana mchimbaji alimwambia mzee asiyemjua kwamba anakwenda Natta kujitambulisha ukweni, na anaogopa kuulizwa kwa nini amehama machimbo sita. "Nitawaeleza habari za beki mmoja Mreno," alisema. "Amechezea timu tisa, mzee wangu. Hajawahi kukosa kazi."

"Hakuna timu iliyotaka abaki," mzee alijibu. "Binti yangu nisingempa."

Mimi hapo ningeshanyamaza. Kijana aliukumbatia mfuko wa vitenge vya mama mkwe. "Kwenye hiyo ya tisa yupo mpaka leo."

"Msimu haujaisha," mzee akasema.

Basi likasimama Natta. Kijana hakuinuka mpaka konda alipomwita mara ya pili.