Kwaresima ya Sista Ndanu

Leo Ijumaa, tarehe 28 Juni, muuguzi wetu, Sista Ndanu Kivuva, anastaafu baada ya kuitunza kliniki ya kiwanda chetu cha blanketi, hapa Thika, kwa miaka ishirini na tisa. Desturi inataka ukurasa huu wa kijitabu cha sherehe umsifu mstaafu na kuwachekesha wageni. Hayo yatakuja. Lakini tumemkosea mama huyu, na ni unafiki kumshangilia bila kulitaja kosa lenyewe.

Alipofika kutoka upande wa Yatta, kazi yake kubwa ilikuwa kufunga vidole vilivyoumwa na mashine. Mashine zilipowekewa vikinga, akaona kwamba kinachotumaliza sasa ni kingine: presha, sukari na mafuta kwenye damu. Ndipo akaanzisha upimaji wa kila mwaka. Akaingia pia jikoni kwa Mourine, mpishi wa kantini, akakuta mafuta ya chipsi yaliyokaangiwa tangu Jumatatu hadi Ijumaa, meusi kama chai ya strungi isiyotiwa maziwa. Akamuuliza kama angempikia mama mkwe wake kwa mafuta hayo. Mourine akajibu kwamba inategemea mama mkwe ameamkaje. Hata hivyo yalimwagwa siku hiyo hiyo, na hayajarudi.

Somo lake alilirudia bila kuchoka, nasi tulirudie. Kolestroli si sumu. Ini lenyewe huitengeneza, na mwili unaihitaji. Ubaya ni ikizidi. Hapo hujishika kwenye kuta za mishipa, polepole, bila maumivu, mpaka njia ya damu inakuwa nyembamba. Kwa hiyo kujisikia vizuri si ushahidi wa chochote, na wembamba wa mwili si kinga. Chakula kizuri husaidia, kutembea husaidia, kuacha sigara husaidia. Wengine, hasa wenye tatizo hilo katika ukoo, huhitaji kidonge kila siku, mwaka baada ya mwaka.

Sasa tazameni tulichofanya na somo hilo. Tarehe ya kupimwa ilibandikwa ukutani mapema kila mwaka. Zikibaki wiki mbili, kiwanda kizima kinaokoka. Chipsi zinapoa kwenye karai, sukuma wiki inaisha kabla ya saa saba, na waliopewa vidonge wanakumbuka droo walimovitupa. Tuliita kipindi hicho Kwaresima ya Sista, tukacheka sana. Siku yenyewe tulinyoosha mikono kama malaika, na Jumamosi tukakutana mtaani Kimbo kuzisherehekea namba zetu kwa nyama choma na mutura, yale matumbo yaliyojazwa nyama na damu. Vidonge vya wiki mbili vinaweza kuzishusha namba. Haviwezi kuulinda moyo miezi yote iliyobaki. Naye Sista, akiziona namba nzuri, aliamini dawa inafanya kazi. Watu wazima, wenye watoto na wajukuu, tulikuwa tunaiba mtihani wa uhai wetu wenyewe.

Gachau, fundi wetu wa boila, alikuwa mmoja wetu. Yeye ndiye aliyejua kuliko wote jinsi maji yanavyojenga ukoko ndani ya bomba. Alitia dawa kwenye maji ya boila kila asubuhi, na aliyemshauri aruke hata siku moja alimjibu, "Wewe, bomba halijui mkaguzi anakuja lini." Mishipa yake mwenyewe aliifanyia Kwaresima. Mwezi wa Februari alianguka nyumbani kwake Ruiru akifunga kamba za viatu. Kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, na maneno yakampotea.

Wiki iliyofuata mkewe, Ciku, alikuja kliniki na mfuko wa vidonge, pakiti nyingi hazijafunguliwa. "Sista, hizi alikuwa anameza tu mkikaribia kupima," alisema. "Nikamuuliza mbona, mzee. Akaniambia hataki kukuangusha."

Sista hakumlaumu mtu. Aliomba tu kwamba tarehe ya kupimwa isitangazwe tena. Ofisi ikamjibu kwamba wafanyakazi wanahitaji muda wa kujiandaa. Kujiandaa na nini? Damu haivalishwi suti. Na hata baada ya kumzuru Gachau hospitalini, bado wapo walioisimamisha kamati ya sherehe hii kwenye korido na kuuliza mwaka huu ni lini, ili wajipange. Wanauliza hivyo huku mwenzao akijifunza upya kulitamka jina la mkewe. Tuone haya.

Sista alipoulizwa anataka zawadi gani, hakutaka sofa wala friji. Alitaka mchana huu. Meneja mpya, Bwana Kilonzo, alikubali, na kamati ikalitunza jambo hili kwa siri ambayo haijawahi kuwezekana hapa kiwandani. Mnaposoma ukurasa huu, meza yake imeshawekwa kati ya viti vyenu na mbuzi wanaochomwa, na sindano za kutolea damu ziko tayari. Hakuna Kwaresima mwaka huu. Hakuna atakayelazimishwa pia. Lakini kabla hujaipita meza hiyo kwenda kwenye nyama, mtazame aliye wa kwanza kwenye foleni. Ni Gachau, aliyeletwa na Ciku kutoka Ruiru, na mkono wa shati lake la kushoto umeshakunjwa.

Asante, Sista, kwa vidole ulivyovifunga na kwa subira ambayo hatukuistahili. Kesho nenda shambani kwako Kalimoni, kunde zako zishike, magoti yasikusumbue, na wajukuu wakuite mpaka uchoke kuitika. Tunakutakia uzee mtamu. Zawadi yako ndiyo hii inayojipanga mbele yako: kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, utaziona namba zetu za kweli.