Kiti cha Pembeni: Risala ya Mafundi kwa Bingwa Namba Kumi

Mgeni rasmi, bingwa wa mbio za magari na, kwa ruhusa yako, binti yetu Namba Kumi.

UKARIBISHO
Karibu nyumbani. Hujakanyaga hapa muda mrefu, mpaka tukadhani umetususa. Utuwie radhi kwa kiti ulichokalia, ndicho pekee kisicho na grisi. Hao waliovaa mashati ya kupigwa pasi ni sisi sisi, usitushangae.

HISTORIA
Ulianza kuja hapa ukiwa mtoto, unamletea baba yako chakula cha mchana. Baba yako ni Mzee Breki, na hakuna gari la mashindano lililotoka uani hapa bila yeye kulifunga breki. Tukakuita Namba Kumi, kama ile spana, kwa kuwa ulikuwa mdogo na kila ukitafutwa huonekani, kumbe umejificha kwenye usukani wa gari la mteja. Mzee mwenyewe akakufundisha kuendesha.

Ulipotaka kushindana, madereva walicheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja akasema, "Huyu akifika konani atasimama ajipake poda." Leo yeye ndiye anayetimuliwa vumbi, na wala hatumwonei huruma.

MAFANIKIO
Umechukua ubingwa, mwanamke wa kwanza, na wanaume wote wakiwa nyuma yako. Siku ile tulisimamisha kazi tukakusikiliza redioni. Fundi umeme alilia mbele ya wateja, na mpaka leo anasingizia moshi.

Sasa tuna mabinti wawili wanaojifunza kazi. Mmoja alishusha injini juzi huku shangazi yake amesimama getini, anamwita arudi nyumbani akapike. Hakurudi, na injini inanguruma vizuri tu.

CHANGAMOTO
Choo ni kimoja na mlango haufungi, kwa hiyo mabinti huomba kwa jirani mshona viatu. Umekuja na wafadhili wako. Wenye masikio wamesikia.

Lakini linalotuuma ni jingine. Unajua utaratibu wetu: aliyefunga breki hukaa pembeni ya dereva gari likijaribiwa. Mzee amekaa na madereva wote, hata wale wanaonukia pombe asubuhi. Pembeni yako, tangu uanze kushindana, hajawahi. Gari lako likiwa tayari, mara anakumbuka dawa, mara goti linauma. Siku ya mwisho ulisimama papa hapa ukamwambia, "Baba, wanaume wote unawaamini, isipokuwa mwanao." Ukawasha gari, na tangu hapo ukalipeleka kwa mafundi wengine. Siku hizi Mzee anakula nusu sahani anasema ameshiba.

Tulimbana mpaka akasema. "Nani kawaambia simwamini? Nikiwa na wale, nikiogopa nafumba macho, yamekwisha. Nikiwa na mwanangu, kona ikija nitadaka usukani. Najijua mimi! Nitamwangusha kwa kumpenda."

Alitukataza tusikwambie. Hakutukataza tusikusomee.

MAOMBI
Tunaomba choo chenye mlango, na mabati ya upande wa kuchomelea, maana mvua ikinyesha kazi inalala. Visipopatikana, hatutanuna sana.

Ombi kubwa halihitaji mfadhili. Ulipokuwa unapigwa picha getini, Mzee alijipenyeza chini ya gari lako ulilokuja nalo, akakagua breki za hao mafundi wako wapya, akasonya, akazifunga upya. Kwa hiyo, mgeni rasmi, kwa utaratibu wa uani, gari hili haliondoki bila kujaribiwa.

Geuka polepole utazame. Aliyeketi kiti cha pembeni, kofia ngumu imemzidi kichwa na mkanda ameufunga hata kabla risala haijaanza, ndiye baba yako. Jamani, hatukumlazimisha. Tulimuuliza tu, "Mzee, na mikono je?"

Akatujibu, "Nimeikalia."

Nenda, mama. Mola awanyooshee njia, awarudishe salama wote wawili.

Ni sisi tunaokupenda,
Umoja wa Mafundi wa Uani.