Nyimbo Juu ya Shimo

Mmenichosha. Tangu asubuhi Fidélie ananishikia simu yake karibu na mdomo kama mtu anayemlisha mgonjwa uji, "Mama, sema, tuhifadhi," na mi nimezoea kusema ninapotaka mwenyewe, si simu inapotaka. Mnauliza bibi mzee aliyeambiwa na daktari kwamba moyo umechoka analalaje usingizi mzito namna hii. Haya. Zimeni redio. Omer, usitoke kuvuta sigara, mwanangu, maana na wewe umo ndani. Na msinikatize, pumzi iliyobaki si ya kugawa.

Sikilizeni, wanangu na wajukuu. Mi sikusoma; darasa la pili tu kwa Wametodisti kule Musumba, kisha baba yangu akasema jembe nalo ni kalamu. Nilifika Kolwezi juu ya lori la mihogo, nikaolewa na Tata Kabemba, mtu wa reli, kimya kama gogo, akanijengea nyumba hii kwa matofali ya udongo wa kichuguu aliyoyachoma mwenyewe. Alipokufa, mtaa ulikuwa umeshaingia kichaa cha kobalti. Mtu mmoja alichimba choo akakuta jiwe jeusi, basi kila nyumba ikaanza kujipasua tumbo: shimo sebuleni, shimo jikoni, turubai juu yake, na mgeni akija anaambiwa, "Tata, keti huku, kule hapana." Safu yetu sisi tulikataa. Nyumba zetu zimekaa bega kwa bega, na mmoja akichimba wanaanguka wote. Tulikubaliana mbele ya pasta, na mkono wangu ulikuwa ndani ya mkono wa Brigitte, jirani yangu wa miaka thelathini, mwanamke niliyeazimana naye chumvi mpaka hatukujua tena ya nani.

Kisha Omer akaja na maneno yake. "Mama, kidogo tu, ndani ya chumba yako. Nani ataona?" Msimlaumu peke yake. Kitanda kilikuwa changu, na niliyekisogeza ni mi.

Lakini nyundo haina adabu. Ukigonga jiwe chini ya ardhi, sahani za jirani zinacheza kabatini. Ndipo akili yangu ya darasa la pili ilipofanya kazi. Kina mama wa maombi walikuwa wakizunguka nyumba kwa nyumba kila Jumatano. Nikawaambia, njooni kwangu, na si Jumatano tu, njooni kila siku saa tisa alasiri. Wakaja. Mi nikashika ngoma. Omer akigonga chini, sisi tunaimba juu. Akigonga kwa nguvu, mi naanzisha wimbo mrefu zaidi. Miezi mitatu. Pasta akatangaza kanisani kwamba Mama Angèle ni mfano wa bidii, na mi nikainamisha kichwa kama mnyenyekevu, nikazivaa sifa zile kama viatu vya marehemu, vinabana na huthubutu kuvivua mbele ya watu.

Tangu hapo wasiwasi ukanila. Bukari, ugali wetu, haikupita kooni. Mlango ukibishwa, naruka. Nikawa nawaambia kina mama, "Niombeeni, moyo wangu hautulii," nao wananiwekea mikono kichwani, na chini ya miguu yetu nyundo inaitikia. Nikalia. Wakafikiri ni Roho. Aliye na aibu hukosa hata mahali pa kulilia.

Ukuta wa Brigitte ukapasuka. Omer alikuwa akifuata mkanda wa jiwe kule unakokwenda, na nilipomuuliza amefika wapi alinijibu, "Mama, kobalti haijue mupaka ya lupango." Kweli, jiwe halijui mpaka wa uwanja wa mtu. Lakini Brigitte hakutafuta shimo. Alitafuta mchawi. Mwanawe alikuwa ameoa msichana wa Lubudi, Tatiana, mpole, mwenye mimba, na bahati mbaya yake ni kwamba aliingia nyumbani mwezi uleule ufa ulipoanza. Brigitte akamrudisha kwao, beseni la nguo kichwani, tumbo mbele. Siku hiyohiyo saa tisa akaja kuketi kwenye kiti changu na kuomba tuombe dhidi ya mulozi aliyemwingilia nyumba. Na mi niliomba. Nilifumba macho nikasema amina. Nimesema amina nyingi maishani, za usingizi na za njaa. Ile ndiyo ninayoionea haya.

Wenzangu walipoondoka, Mama Louise alibaki kuomba maji ya kunywa. Mzee yule alikuwa shemasi wetu, macho yamekwisha kabisa. Akanywa taratibu, akasema, "Angèle, kila siku unaomba Mungu akuondolee wasiwasi. Ulishamwambia wasiwasi yenyewe ni ya nini?"

Nikajibu, "Mungu anajua yote."

"Anajua. Mi nauliza kama weye ulimwambia." Akanirudishia kikombe, akatafuta mlango kwa fimbo. "Na sakafu yako inanitetemesha miguu. Macho njo yalikufa, miguu iko muzima."

Kesho yake asubuhi nilikuwa nawasha jiko la mbabula, makaa mabichi, moshi mtupu. Magoti sikupiga, yalikuwa yananiuma. Nilikaa kwenye kigoda nikipepea na mfuniko wa sufuria, nikasema kwa sauti ya kawaida, kama ninavyosema nanyi: Bwana Yesu, nimechimba chini ya Brigitte. Nimekuimbia wewe ili yeye asisikie. Tatiana amebebeshwa uchawi, na uchawi wenyewe ni nyundo ya mwanangu. Naogopa kupoteza nyumba, na zaidi naogopa watu wanijue. Sina neno lingine.

Sikusikia sauti. Anayesikia sauti kila asubuhi mumpe maji anywe. Kilichonijia ni njaa. Njaa kali, ya kitoto, ambayo sikuwa nimeionja tangu shimo lianze. Nikala bukari ya jana na sombe baridi, mboga ya majani ya muhogo, nimesimama, mpaka nikapangusa sahani kwa kidole. Wengine amani ya Mungu huwaingia kwa ndoto. Mi iliniingia kwa tumbo, na sikuona sababu ya kuikataa.

Nikaenda kwa Brigitte kabla sijanawa uso. Nikamwambia, "Nyumba yako haina mchawi. Ina Omer."

Akanitazama sana. "Miezi tatu, Angèle. Miezi tatu muliimba juu ya kichwa yangu?"

"Na tulichimba chini ya kitanda chako, hasa."

"Na ngoma?"

"Ngoma nilipiga mi."

Akacheka kicheko kibaya, kisha akanipiga kofi lililosikika mpaka barabarani. Nilisimama pale, shavu linawaka, nikautafuta wasiwasi wangu nisiuone. Shikeni hapo, wanangu. Sala haikuniepusha na kofi. Ilinitoa katika miezi ya kulingoja.

Tukaenda Lubudi wawili, juu ya lori la magunia ya mahindi. Mbele ya baba yake Tatiana nilikaa chini, nikapiga makofi, nikajipaka vumbi kifuani kama sisi Walunda tunavyofanya mbele ya mkubwa, ingawa yule bwana ni mdogo wangu kwa miaka ishirini. Brigitte naye akaketi vumbini bila kuambiwa. Tatiana akatoka, mkono tumboni, akaniita bibi kwa heshima, "Kambo, mi si mulozi. Lakini hapa banajua. Enda useme mu kanisa." Nikasema kanisani, Jumapili, nimesimama, kwa sauti ya kumfikia hata aliyeketi mlangoni. Pasta aliyenisifu akapata ghafla kitu cha kutafuta ndani ya Biblia yake. Tatiana akarudi, akajifungulia hapa, na mtoto yule anaiba mapera yangu mpaka leo.

Basi, sasa yaliyobaki. Nyumba na lupango ni vya Fidélie na Omer pamoja, asiuze mmoja bila mwenzake. Cherehani ni ya mjukuu wangu Marlène, kwa sababu ndiye pekee anayejua kuvunja sindano na kusema ukweli. Wanunuzi wa mawe watakuja kabla udongo wa kaburi langu haujakauka, najua, wameshaanza kumnunulia Omer bia. Omer, nitazame. Ulilijaza shimo lile kwa karai, wiki sita, mgongo ukakutoka ngozi, nami nilikusamehe kabla hujamaliza. Atakayelifungua asiseme alikuwa mtoto wangu. Na mkishikwa na wasiwasi, mtashikwa, mji huu unatetemeka kila siku, msimwendee Mungu na maneno ya kuzunguka. Litajeni jambo kwa jina lake. Kama ni deni, semeni deni. Kama ni mume, semeni mume. Mwenye kidonda akionyesha nguo, atatibiwa nguo.

Mungu awape meno ya kula na usingizi wa kumfuata. Awape majirani wenye mkono mzito na roho nyepesi. Nawabariki wote, na wewe unayenuna hapo nyuma pia.

Fidélie, inua mto... hapo. Bado moja, mliuliza nililipa nini. Wazee wa mtaa walinitoza faini ya mbuzi. Brigitte akakataa, akasema, "Mbuzi itakula manioke yangu mu shamba. Mi nataka ukuta." Na matofali ya kuushika ukuta ule yalitakiwa kuwa ya udongo wa kichuguu kilekile alichochimba baba yenu, na kichuguu kilikuwa kimekwisha kuzungushiwa uzio wa kampuni. Hayakuwepo mengine mtaani... ila ya chumba changu. Mlikozaliwa wote sita. Alikofia baba yenu. Tukakibomoa... nikayabeba kwa kichwa, mawili mawili, vijana wakakatazwa kunisaidia. Brigitte ameketi kwenye kiti mlangoni pake, anahesabu kwa sauti. Mia nne na kumi. Moja likanivunjikia mkononi... akasema, "Ile haiingii mu hesabu." Nikarudi kuchukua lingine.